Betri Zilizoanikwa na Mpunga

Nikinusa betri iliyovuja, namkumbuka baba akiwa hoi kitandani, redio kifuani. Siku ile redio ilikata kabla mpira haujaisha. Nilizianika betri juani, pembeni ya mpunga, lakini wapi.

Jioni jirani yetu akarudi na baiskeli kutoka sokoni Ifakara. Alishabikia timu pinzani, na ubishi wake na baba ulikuwa wa kutoana mishipa ya shingo.

"Shikamoo. Nani kashinda?" nilimwuliza mlangoni.

"Marahaba. Sisi, mbili bila," alininong'oneza.

Akaingia, akamshika baba mkono. "Leo mmetuweza, ndugu yangu. Mna timu."

Baba alimtazama sana. Miaka yote hiyo, mtu huyu hakuwahi kumkubalia hata kona.

"Mwanangu," akasema taratibu, "niitie mama yako."