Kadi ya Mkasi wa Fundi

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa na maringo sana. Nilisoma kazi ya makumbusho na historia ya umma, na kwetu Kasulu hakuna aliyejua hicho ni kitu gani. Baba aliwaambia wateja wa dukani kwamba nasomea mambo ya serikali, nao wakaridhika. Mhadhiri wetu alikuwa na wimbo mmoja tu: kitu kisicho na kadi ni takataka. Kadi iseme kimetengenezwa na nani, kimetoka kijiji gani, kimefikaje hapa. Aliyeacha mstari mtupu alirudishiwa kazi yake mbele ya darasa zima. Mimi nilisharudishiwa mara moja, nikaapa haitatokea tena.

Kwa mradi wa mwisho kila mmoja alitakiwa kuandaa onyesho dogo kwao. Mwenzangu alikwenda Kibondo kukusanya mizinga ya nyuki, nami nikamcheka. Mimi nilitaka vitu ambavyo watu wa Kongo walivuka navyo walipokimbilia Nyarugusu. Nikapata kibali cha kuingia kambini, nikazunguka na daftari langu, nikaazima sufuria, redio, Biblia iliyoloa maji, na mkasi.

Mkasi ulikuwa wa mama mmoja aliyeuza maandazi karibu na bomba la maji. Ulikuwa mzito, wa fundi cherehani, mpini mmoja umezungushiwa mpira mwekundu. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi. Waliomuua, aliniambia, walikuwa watu wa kijijini kwao. Yeye aliziona sura zao, nao wanajua kwamba aliziona. Alisema hayo huku akigeuza maandazi kwenye karai, wala hakuniangalia.

"Kijiji usiandike, dada yangu," akasema. "Na jina langu usiandike."

Nikaitikia.

"Mukasi minakuazima tu. Nitakuya mwenyewe kuichukua. Binti yangu atajifunza nayo kushona."

Nikajaza hati ya kuazima, nakala mbili, kama tulivyofundishwa. Nakala yake ilikuwa na anwani yangu: duka la baba, mkabala na msikiti, Kasulu mjini. Akaikunja vizuri, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Jina sikuandika. Kijiji niliandika. Nilikaa na kadi ile mchana kutwa, ule mstari mtupu ukinikera, nikajiambia kijiji si mtu, Kongo ni kubwa, nani atakijua hapa? Nikaandika na kazi ya marehemu, na ule mpira mwekundu pia. Nilikuwa najidanganya, na nilijua.

Onyesho lilifanyika Jumamosi, kwenye ukumbi tulioazima Makere, ili wenyeji na wakimbizi wenye ruhusa wote waweze kufika. Watu walikuja hata kutoka Titye na Rungwe Mpya. Wazee waliicheka ile redio, wakasema kwao zipo nzima kuliko hiyo. Kama saa nne akaingia mwanamume mmoja peke yake, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Alipita sufuria, akaipita redio. Akasimama kwenye mkasi. Alisoma kadi taratibu, midomo ikichezacheza, akarudia tena kuanzia juu. Kisha akatoa simu akapiga picha. Alipiga kadi, mkasi hakuupiga.

Badala ya kuogopa, nilifurahi! Mgeni anayesoma kadi mpaka mwisho ndiye yule tuliyeambiwa darasani tumtafute kwa tochi. Nikamfuata mwenyewe, tabasamu hadi masikioni.

"Huyu fundi nilimujua," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Muke wake anaikalaka wapi sasa?"

Nikamwambia. Nikamtajia zoni yake ya kambi, bomba la maji, maandazi. Nilieleza kama mtu anayemsaidia mwenzake kumpata ndugu yake aliyepotea. Akauliza na mimi nakaa wapi, nikamwambia pia.

Aliinamisha kichwa kushukuru, akatoka bila kutazama kitu kingine. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Nilitaka kumkimbilia, lakini nimkimbilie nimwambie nini, asahau? Nikaiondoa kadi mezani.

Kibali changu kiliniruhusu kurudi kambini Jumatatu tu. Siku mbili nzima sikula chakula kikapita. Nilipofika, karai lilikuwa bado mekoni, mafuta yameganda, na mlango umefungwa kwa kamba. Jirani yake alikuwa akichota maji.

"Alionaka mutu kule kwa barabara, mbali," akaniambia. "Hakuaga wengine. Alibeba batoto tu, akaenda. Mimi aliniambia tu mukasi iko kwa ule dada wa Kasulu, siku moja atapita kuichukua."

"Amekwenda wapi?"

"Hakuna mwenye kujua."

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Yule mama alikuwa amemwona yule mwanamume kabla ya kuonwa. Nilirudi nyumbani nikalala mchana ule kama mtoto.

Alhamisi yule mwanamume akaja dukani. Alimwamkia baba kwa adabu, akanunua sabuni, akaniomba maji ya kunywa, akaketi kwenye benchi la nje. Nilipompelekea kikombe aliniuliza kama mkasi ungali kwangu.

"Haupo," nikasema. "Niliupeleka chuoni, Dar es Salaam. Haurudi tena."

Ulikuwa uongo, mkasi ulikuwa kabatini kwangu. Lakini niliusema bila kupepesa macho, na moyoni nikajipongeza kwamba sasa hana cha kumkalisha hapa.

Alikunywa maji yote. Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Sawa, dada," akasema. "Lakini yeye hajui ile. Jirani yake aliniambia siku moja atakuya kuichukua."

Kisha akasogea hadi mwisho wa benchi, wateja wengine wapate nafasi ya kukaa.