Sapraizi Pati ya Kinindo

Ninawakumbuka sana wenzangu wa ofisi ya Kinindo, Bujumbura, ila sijui kama nitathubutu kuwatazama usoni tena.

Miaka ile ya vita nilikuwa shofa wao, dereva wa gari la ofisi, na nilijiona bingwa wa Kiingereza. Mama Zawadi, mpishi wetu kutoka Uvira, akaniuliza, "Papa Yusufu, sapraizi pati ni nini?" Nikamweleza kwa madaha: mtu anaandaliwa sherehe bila kujua, watu wanajificha, halafu wanatokea ghafla kwa kelele.

"Aksanti, papa," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Kesho yake jioni nikarudisha gari. Mlinzi hayupo getini. Mapazia yamefungwa. Redio ya jikoni, ambayo haikuzimwa hata risasi zilipolia mtaa jirani wa Kinanira, imenyamaza. Enzi zile kila mtu wa Bujumbura alijua maana ya nyumba iliyonyamaza hivyo. Nikaingia nikinyata, na mara vishindo na makelele!

Nikajitupa chini ya meza, nimefumba macho. "Musiniue! Mi ni shofa tu! Ufunguo ya stoki ya vyakula iko na Mama Zawadi, amefunga mu kikwembe yake, kiunoni!"

Nilipofumbua macho niliona viatu vya ofisi nzima, na mbele yavyo kandambili za Mama Zawadi. Akainama, ameshika keki yenye jina langu.

"Toka, Papa Yusufu," akasema polepole. "Sapraizi umetufanyia we."