Mikono Imerudi

Kaka yangu ni fundi wa nguo, na kwa miaka thelathini na kitu watu wamemwita Pasi. Wateja hudhani ni kwa sababu nguo zake hutoka zimenyooka. Sisi wa nyumbani tunajua vizuri zaidi. Pasi hupata moto upesi, haipoi upesi, na ukiigusa bila kuangalia inakuachia alama.

Mimi ni dada yake mdogo. Kazi yangu ni matundu ya vifungo na mapindo, katika chumba hicho hicho, na meza yangu inatazama mgongo wake. Kwa hiyo hasira zake nimezisomea shingoni. Mishipa ikianza kutoka, natafuta kazi ya kufanya nje.

Siku aliyompiga binti yake nilikuwa ndani. Binti alikuwa na miaka ishirini, na mkasi ameushika tangu ana kumi na miwili. Siku hiyo alikata vipande viwili vya mbele ya koti, vyote vikatoka vya kushoto. Ni kosa la kusahau kugeuza kitambaa, hata mimi nimelifanya, na Pasi mwenyewe amelifanya ila hapendi kukumbushwa. Lakini mwenye koti alikuwa amesimama mlangoni. Pasi alimzaba binti kofi mbele ya mteja, kisha akasema, "Namrudi, ni mwanangu," kana kwamba kuna mtu alikuwa amemuuliza.

Binti hakulia. Aliuweka mkasi wake mezani akatoka. Mama yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo alikuja kwangu, na mkoba mmoja. "Shangazi, kule sirudi," akasema. Nikamwambia akae mpaka achoke. Mwaka na nusu ukapita hajachoka.

Pasi hakumtaja hata siku moja. Kila asubuhi aliniuliza, "Huko kwako wazima?" Nikajibu, "Wazima." Akasubiri kidogo. "Wote?" Nikasema, "Wote." Hapo ndipo alipoanza kukanyaga cherehani.

Karate iliingia kwetu kwa uzembe, tena uzembe wa Pasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ukumbi ulio nyuma ya duka la rangi ulimwagiza nguo kumi na mbili za mazoezi, za pamba nzito nyeupe. Pamba ya namna hiyo unailoweka kwanza, unaianika, ndipo unakata, la sivyo ikifuliwa inarudi, inakuwa fupi. Asiyejua hilo hajawa fundi. Lakini siku zile alikuwa anafanya kila kitu kwa kisirani. Nilipomuuliza kama ameloweka, alinijibu bila kugeuka, "Hiki hakirudi. Nimekishika."

Baada ya wiki mbili akaingia mwanamke mfupi aliyepita sitini, miwani imefungwa kwa uzi, mpiga chapa mstaafu. Ndiye aliyekuwa Mwalimu wa ule ukumbi. Alikuwa amevaa moja ya zile nguo, na suruali ilimwishia kwenye muundi.

"Fundi," akasema, akinyoosha mikono, "mikono imerudi."

Nikaitazama shingo ya kaka yangu. Ilishaanza. Najua alitaka kusema zilifuliwa vibaya. Lakini Mwalimu hakupandisha sauti. Aliinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, akasema, "Nadhani hujawahi kuziona nguo hizi zikiwa kazini. Njoo uone zinavutika wapi, ndipo ukate upya." Mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akinyimwa ugomvi, hajui mikono aiweke wapi. Pasi alikwenda, futi shingoni.

Kesho yake alinisimulia huku anashona. Watu walijipanga mstari, wakainamiana, kisha Mwalimu akaita, "Kata!" Kaka yangu akainuka kwenye benchi na kuuliza, "Nikate wapi?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mwalimu peke yake hakucheka. Alimweleza kwamba hilo ni neno la wenyewe wenye karate: ni mfululizo wa mapigo na kinga unaoufanya peke yako, kwa mpangilio, kama vile umezungukwa.

"Yaani wanapigana na watu ambao hawapo," akaniambia.

"Si ndiyo kazi yako ya miaka yote," nikamjibu.

Nilitegemea jibu kali. Akakata uzi kwa meno. Wiki hiyo alizishona upya zile nguo kumi na mbili, akaongeza ya kumi na tatu kwa vipimo vyake mwenyewe. Kitambaa alikiloweka siku mbili.

Mimi siamini mpaka nione, kwa hiyo nilikwenda kuona. Mzee mzima wa miaka hamsini na mbili alisimama mwisho wa mstari, jirani na msichana wa shule ya msingi aliyekuwa akimrekebisha miguu. Alidhani atawashinda wote kwa sababu mkono wake umekomazwa na mkasi. Mwezi mzima alipewa jambo moja tu, ngumi ya kwenda mbele. Alikuwa akiitupa kwa nguvu zote, na Mwalimu anasema, "Mkono haujarudi." Anarudia. "Mkono haujarudi, Fundi." Kumbe ngumi moja ikienda, mkono wa pili lazima urudi kiunoni papo hapo, umefumbwa, umegeuzwa juu, na huo ndio unaoipa nguvu ile ya mbele.

"Wewe unaangalia unaotoka," Mwalimu akamwambia. "Unaotoka kila mtu anao. Nionyeshe unaorudi."

Pasi akajifuta jasho. "Mwalimu, mikono niliyokushonea ilirudi bila kuombwa. Hii yangu inagoma."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Nilikaa pale kwenye benchi nikajiuliza ni lini mara ya mwisho nilimwona kaka yangu akijicheka.

Siyo kwamba alibadilika kwa wiki mbili. Pale ukumbini, ukipiga kwa hasira unakwenda kukaa chini, na Pasi alikaa chini sana. Jumamosi moja alimkandika ngumi mwashi mmoja aliyemtania, akawekwa ukutani mpaka mazoezi yakaisha. Kisha akalazimika kumwinamia mwashi huyo na kupiga deki.

"Nimekaa saa nzima kama mtoto," akaniambia.

"Ukifanya nini?"

"Nikihesabu. Nilianza na ile siku."

Hakuitaja, wala sikuhitaji aitaje. Lakini mimi nami nina damu ileile, nikapandwa na hasira. "Kuhesabu hakumsaidii mtoto. Nenda ukamwambie."

"Mkono wangu haujarudi bado, dada. Nikienda, akanijibu vibaya, je?"

Nikamwita mwoga. Niliona anajificha nyuma ya yale mazoezi. Leo naliona neno lile lilikuwa zito kuliko alilostahili, na linaniuma.

Kisha binti akapata kazi katika kiwanda cha nguo, mji wa mbali. Angeondoka Jumatatu. Alitaka mkasi wake, akaniomba nikamchukulie. Nikakataa. "Mkasi ni wako na miguu unayo." Nilikusudia. Nilijua akiondoka bila kuonana na baba yake ndiyo basi tena, maana kwa ukaidi wamefanana kama pacha. Na nilijua Pasi akikosea safari hii, hakuna nyingine.

Alikuja Ijumaa, kama saa nne asubuhi. Pasi alikuwa ametandaza pamba nyeupe mezani, imechorwa chaki tayari, nguo mpya ya Mwalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Binti akasema amefuata mkasi. "Upo droo ya juu," akajibu Pasi. "Nimekuwa nautia mafuta."

Droo ile huwa inakwama. Binti akaivuta kwa nguvu, ikamtoka ghafla, kiwiko kikagonga kikombe cha chai. Chai ikatambaa juu ya pamba nyeupe kutoka upande huu hadi upande ule.

Mkono wa kaka yangu ukapanda. Niliuona tangu begani. Binti naye aliuona, na mkono wake ukaruka mbele ya uso, macho yamefumbwa, kidevu kimezama kifuani. Hajawahi kukanyaga ule ukumbi. Kinga ile alijifunza humu humu chumbani, miaka yote, na sikuwahi kumwona mtu kwenye mstari wa Mwalimu akiifanya kwa wepesi kama huo. Nilijisikia aibu, maana na mimi nilikuwepo miaka hiyo yote nikitafuta kazi ya kufanya nje.

Pasi aliiona. Mkono wake ukajifumba, ukashuka, ukarudi kiunoni, ukakaa. Akashusha pumzi. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akakutanisha visigino, akamwinamia mtoto wake.

"Nisamehe, mama," akasema akiwa bado ameinama. "Kwa ile siku, na siku za kabla yake. Nilisema nakurudi. Nilikuwa nakupiga tu."

Binti alichukua muda kuushusha mkono. Hakumkimbilia, na angemkimbilia ningeshangaa. Alitazama kitambaa, akasema kwa sauti ya kifundi, "Kitaingia doa."

"Doa litatoka."

"Ukikifua kitarudi."

"Hakirudi. Nimekiloweka siku mbili."

Akaibana pembe ya kitambaa kwa vidole, kuhakikisha. "Siku hizi unaloweka?"

"Siku hizi naloweka."

Tulikisuuza tukakianika uani. Binti alisema anabaki kunisubiri mimi, nami sikumbishia. Mchana kilipokauka alikipiga pasi, akakipima, kikawa vilevile. Pasi akachora upya. Binti akautoa mkasi kwenye droo, akageuza kitambaa, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Nikate?"

"Kata," akasema kaka yangu, na akaenda kusimama upande wa pili wa meza. Binti akaanza na mikono.

Jumatatu aliondoka kama alivyopanga. Wakati wa kufunga mizigo niliuliza mkasi uko wapi.

"Nimeuacha kule, shangazi. Kiwandani wanatoa." Akavuta zipu ya begi. "Mwambie baba aendelee kuutia mafuta. Nitaukuta nikirudi."

Kesho yake nilimfikishia Pasi ujumbe, neno kwa neno. Cherehani ikasimama. Bila kugeuka, akaniomba nirudie neno la mwisho. Nikarudia.