Polisi Niliyekatazwa Kumtazama

Baba mkwe wangu alipovaa kaki za polisi wa Kijerumani, watu wote wa Mwaya walianza kumkimbia. Mimi sikuanza. Nilikuwa nimekwisha kuzoea.

Kwetu Unyakyusa mwanamke haonani na baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, hapishani naye njiani. Akimsikia anakuja huingia migombani na kujifunika nguo mpaka apite. Naye mzee mwenye adabu hukohoa mapema ili asikiwe, kisha hugeuza uso. Si chuki, ni heshima. Ukiivunja, wanawake wenzako hawakusalimii mtoni.

Mimi nilizaliwa ufukweni mwa ziwa, kwa wafinyanzi, nikaolewa na mkulima wa ndizi, na hiyo adabu nilijifunza kwa miguu. Serikali ilinisaidia. Zamani mzee alitembea pekupeku na kunishtukiza. Sasa alikuwa na viatu vya ngozi, mkanda wenye vyuma na bunduki, nikawa namsikia tangu mbali. Nadhani katika nchi nzima ni mimi peke yangu niliyevipenda viatu vile. Vyungu vyangu havikuvipenda, maana kuruka matetini na mzigo kichwani ni kazi, na vingi vilivunjikia huko.

Mkubwa wa askari pale bomani, shaushi, alikuwa mtu wa mbali, mwenye Kiswahili kizuri na akili ya kipolisi: kwake anayekimbia ana kosa. Siku hizo chumvi ya ghala la boma ilikuwa ikipungua bila maelezo. Shaushi akatoka na baba mkwe kukagua njia ya gulioni, akaniona nikitumbukia matetini na mtungi uliofunikwa. Hakuhitaji ushahidi mwingine. Akamwamuru baba mkwe anikamate na kunifikisha bomani siku bwana mkubwa wa Kijerumani atakaposhuka kutoka milimani kuamua mashauri.

Mzee alijaribu kumweleza mila yetu. Shaushi akamjibu kwamba mila inaishia kwenye lango la boma, na askari asiyekamata atalazwa chini mbele ya watu apigwe kiboko, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kama raia yeyote.

Kwa hiyo asubuhi moja mama mkwe alikuja kwangu, akakaa, akanitazama na kunisalimu.

"Ndaga, mwanangu. Baba yako ameagizwa akukamate."

"Nimefanya nini, mama?"

"Chumvi. Anauliza ni siku gani itakufaa."

Nikacheka, nikasema nina vyungu vya kuchoma kwanza. Mama mkwe akazunguka nyuma ya nyumba, ambako mzee alikuwa akisubiri na bunduki yake, akarudi.

"Anasema choma tu. Ila usitoroke. Ukitoroka, atakayelala chini ni yeye."

Hapo nikaacha kucheka. Nilimpenda mzee yule, kama mtu anavyoweza kumpenda mtu anayemjua kwa kikohozi. Kila nilipojifungua, ndizi nzuri kuliko zote za shamba lake zilifika mlangoni kwangu, na hakuna aliyesema zimetoka wapi. Sasa avuliwe nguo mbele ya watu wale wale anaowalinda, kwa sababu yangu? Wangemcheka mpaka kufa kwake.

Siku ya shauri alinikamata hivi: yeye alitangulia, mgongo kwangu, bunduki begani, mimi nilifuata mbali nyuma, nimejifunika gubigubi, mama mkwe akinishika mkono nisitumbukie mtaroni. Kwenye kona alisimama na kukohoa, nami nilisimama mpaka aendelee. Wanawake waliotoka Bujonde kuuza mchele walituuliza nani kamkamata nani. Mama mkwe akawaambia wapite na safari yao.

Bomani shaushi aliniita mwizi, na akamshitaki askari wake kwa kuleta mfungwa bila kamba. Kisha ikaonekana kuna tatizo. Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuuzia vyungu tu, na mkalimani pekee wa Kinyakyusa pale alikuwa baba mkwe.

Nikaigeukia nguzo ya nyumba. Nikasema nayo, chini ya nguo yangu, kwamba simkimbii polisi bali namkimbia baba wa mume wangu, na kwamba chumvi ya serikali sijawahi hata kuionja. Baba mkwe, akiwa ameelekea ukutani, akatafsiri: "Nguzo inasema, bwana, kwamba huyu mwanamke hana kosa." Bwana mkubwa akauliza kama nguzo ina habari nyingine.

Lakini hakuwa akicheka. Akasema serikali haina wakwe. Mtu asiye na hatia anaweza kumtazama polisi, kwa hiyo nifunue nguo, nimtazame askari yule na kusema nimemwona. Nikikataa, mimi nitafungwa na yeye atapigwa. Baba mkwe akayatafsiri yote, hata ile sehemu ya kiboko chake, bila kupunguza neno. 

Nililia mle ndani ya nguo. Nimtazame, nimvunjie heshima kwa macho yangu. Nisimtazame, nimvunjie kwa kiboko. Nikasikia viatu vyake vikigeuka kunielekea. Akakohoa. Nikafunua.

Kofia za askari zilikuwa na kitambaa cha kufunika kisogo kwa ajili ya jua. Mzee alikuwa ameigeuza yake mbele nyuma. Niliona viatu, mkanda, vifungo vinavyong'aa, na juu ya vifungo kitambaa cha kaki kimeshuka mpaka kidevuni.

"Umemwona?" bwana akauliza.

"Nimemwona."

"Umeona nani?"

"Nimeona serikali," nikasema.

Kitambaa kikatafsiri. Bwana mkubwa akapiga meza kwa kuridhika, akasema hilo ndilo jibu alilotaka, kesi imekwisha. Shaushi alitaka kusema kitu kuhusu kofia ya askari wake, akaamriwa anyamaze. Chumvi iliendelea kupungua hata baada ya shaushi kuhamishwa, ikabidi niache kumshuku kwamba ndiye mwizi.

Vita ilipofika kwetu, baba mkwe aliondoka na Wajerumani na hakurudi. Hatukupata hata kaburi. Wanangu walipokua, wazee wa Talatala walimsimamisha mwanangu mkubwa njiani wakasema huyu ni babu yake mtupu, pua ni ile ile, hata macho. Jioni hiyo nilimpakulia chakula, nikakaa mbele yake nikimtazama akila, mpaka akaniuliza ninatafuta nini usoni kwake.