"Redundant": neno moja la Kiingereza nililomtafsiria baba vibaya

Wakuu, habari zenu. Hili nimekaa nalo miaka mingi. Nalieleza lilivyotokea, sijaongeza chumvi.

Miaka ya tisini, viwanda vinabinafsishwa, baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja Moshi mjini. Nyumbani ni Kibosho, juu mlimani, kwenye kihamba chetu cha kahawa na migomba.

Siku moja, wakiwa wamesimamishwa kazi kwa muda, akaja na barua ya Kiingereza. Yeye aliishia darasa la nne. Mimi nilikuwa form two, akanipa niisome mbele ya mama.

Nikakwama kwenye redundant.

Kusema sijui niliona aibu. Shuleni tulikuwa tumetoka kufundishwa kwamba re- mwanzoni mwa neno ni kurudia, kama return, repeat. Nikamwambia, "Baba, wanasema mtarudishwa kazini."

Alifurahi sana, wakuu.

Baba mdogo akamtafutia kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini. Akakataa, kazi anayo, anasubiri kuitwa. Miezi minane, kila Jumatatu anashuka kwa miguu mpaka kwenye geti la kiwanda lililofungwa, jioni anapanda.

Mwishowe, baada ya misa, akampa paroko ile barua. Nilikuwepo.

Padri akaisoma. Kisha akaeleza taratibu kwamba neno limetoka Kilatini. Unda ni wimbi. Redundare ni maji kujaa mpaka yanafurika. Waingereza wakalichukua, likaishia kuwa mtu aliyezidi, asiyehitajika tena.

Baba akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiyo hayo maji yaliyomwagika?"

Padri akaikunja barua, akamrudishia.

(Juzi nimesoma kwamba hiyo unda na water ni za ukoo mmoja. Water nilikuwa nalijua tangu darasa la tatu.)

Njiani baba hakunigombeza. Alisema tu, "Mama yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Nafasi ya kwenye miwa ilishachukuliwa, akawa mtu wa pombe ya mbege kuanzia asubuhi, na sijamaliza form four tukamzika. Mama alikuwa bado anamfulia ovaroli ya kazini.

Nilichojifunza: usichokijua, sema hukijui. Aibu yangu ingeisha siku ileile.

Mama yupo, amezeeka. Mpaka leo anaamini kiwanda ndicho kilichomdanganya mume wake. Naombeni ushauri, wakuu: nimwambie ni mimi, au niache?