Asali ya Kitui Imenishtaki Kanisani

Leo nimeshtakiwa na simu yangu mwenyewe.

Nilikuwa kanisani Kikima, nikiwaeleza akina mama jinsi kifaa hiki kilichobandikwa mkononi mwangu kinavyopima sukari ya damu na kutuma vipimo kwa simu yangu na ya binti yangu.

Binti akapiga. Nikaweka spika, wasikie faida ya teknolojia.

"Baba, sukari imepanda! Umekula nini?"

"Asali tu. Ya Kitui, safi."

"Baba! Asali pia ni sukari!"



Mama Mwende akatoa simu, akampigia mumewe, mgonjwa wa kisukari kama mimi.

"Baba Mwende, ile asali nakuwekea kwa chai kama dawa, wacha. Mwalimu mwenyewe ameshikwa nayo."

Nilikuwa nimeandaa somo la saa nzima.

Nani mwingine bado anaiita asali dawa?