Kivuli cha Vitwitwi

Kazi ya Lehbib ilikuwa kuona. Kwa miaka thelathini na mitano, kila msimu wa mkizi, alisimama ukingoni mwa ghuba ya Arguin na fimbo yake, wenzake wakingoja nyuma, nyavu mabegani, kimya. Akiona kundi la mkizi, giza linalotembea ndani ya maji mafupi, aliyapiga maji kwa fimbo. Pomboo waliisikia, wakaja na kuwabana samaki hadi nyavuni.

Ndege nao walimsaidia. Buabua na mwari huwafuata mkizi. Vitwitwi hawana habari nao, riziki yao ni vidudu vya topeni. Ufuoni wanaishi kama wapangaji wa nyumba moja, kila mtu na chungu chake.

Lakini mtoto wa jicho alishamwingia, macho yote mawili. Alimwambia mkewe Salka peke yake, tena akamwapisha. Aliogopa, tusimfichie. Asiyeona hapewi fimbo pale, hupewa mkeka akae na wazee.

Asubuhi ile aliona giza likisogea majini, na weupe wa ndege juu yake. Akapiga maji. Vijana wakaingia hadi kifuani kwenye baridi, wakazungusha nyavu. Pomboo hawakuja. Mara giza likatoka majini, likapita juu ya mchanga mkavu, likaenda zake. Kilikuwa kivuli cha vitwitwi, maelfu kwa maelfu. Nyuma ya rasi, buabua walikuwa wakijitupa baharini, na mkizi wenyewe wakapita kwenda kusini.

Kijana mmoja alisema leo baba ametuogesha. Hakuna aliyecheka.

Mchana Mulay, kiongozi wa nyavu, alikuja kunywa chai. Kwao chai ni glasi tatu. Ya kwanza wakainywa. Kwenye ya pili Mulay akazungumzia upepo. Lehbib hakungoja ya tatu.

"Mmeshajua?"

"Tunajua, baba."

"Tangu leo?"

"Tangu mwaka juzi. Mwenzetu Sidi ndiye aliyekuwa akikaa nyuma yako, anakuangalizia. Ukikosea anatupa ishara, tunasingizia nyavu zimejisokota, hatuingii majini. Leo anaumwa."

Lehbib akakumbuka msimu uliopita, alivyomsema Sidi mbele ya kijiji kizima kwamba ni mvivu, hajui ila kukaa mchangani kama gunia. Sidi aliinamisha kichwa, akasema, "Kweli, baba."

Akamwita Salka alete fimbo, akamkabidhi Mulay ampelekee Sidi.